Nati ya Shaba

Baba alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Kibiti. Maziko yakapangwa Mahege baada ya sala ya adhuhuri, kando ya wazazi wake. Kaka yangu mkubwa akasema marehemu hatakwenda kwa gari la kukodi. Atapanda pikapu yake mwenyewe, ile aliyoinunua enzi watu wanavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, akaitunza kuliko alivyojitunza yeye.

"Wewe ndiye fundi umeme," akaniambia. "Iwashe."

Pikapu ilikuwa haijawashwa tangu baba aanze kuumwa, na panya walikuwa wamekula waya nyuma ya dashibodi. Nililala chali, miguu nje ya mlango, tochi kifuani. Dirisha la chumba cha baba lilikuwa karibu. Nilisikia maji yakimiminwa. Walikuwa wanamwosha. Nikageuza uso kuelekea dirishani, na nilipokuwa nafunga waya wa mwisho nyuma ya swichi bila kuutazama, nati ndogo ya shaba ikaniponyoka. Niliisikia ikigonga bati mara moja, basi.

Nilichukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga kwenye waya mgumu, nikaipitisha huko nyuma pole pole. Ikatoka na skrubu yenye kutu, ya zamani sana. Nikajaribu tena na tena kabla sijakumbuka jambo ambalo hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza analijua: sumaku haishiki shaba. Nikapapasa kwa vidole mpaka vikachubuka. Nikapiga dashibodi kwa kiganja, nikasikiliza. Kimya.

Kaka akaja, akainama mlangoni. "Watu wako tayari. Nimesikia umeangusha kitu. Umekipata?"

"Nimekipata."

Nilikuwa nimeshafunga nati nyingine kutoka kwenye kopo langu. Ile ya shaba ilibaki humo ndani, katikati ya waya. Pikapu ikawaka mara ya pili, na wazee waliokaa kwenye mikeka wakasema, "Alhamdulillahi." Mimi nikafunika kopo langu la nati.

Tulipoacha lami, barabara ikawa ya mashimo. Gari likaruka, likaruka tena, na harufu ya plastiki ikajaa. Moshi ukatoka chini ya usukani. Kaka akafunga breki. Nikarukia boneti, nikang'oa waya wa betri kwa mkono mtupu, ukaniunguza kiganja. Nyuma, wanaume walikuwa tayari wanalishusha jeneza.

Wakambeba begani. Jua lilikuwa kali, na kila hatua chache walibadilishana huku wakileta tahlili. Nami nilibeba, kwa mkono ulioungua. Tulifika karibu na alasiri. Wachimba kaburi walikuwa wameketi juu ya udongo ulioanza kukauka.

Kesho yake trekta ikaivuta pikapu hadi nyumbani. Nikaing'oa dashibodi nzima, kazi ambayo ningepaswa kuifanya jana yake. Nati ilikuwa imelala juu ya ncha mbili za swichi, nyeusi, imegandamana nazo. Niliitoa kwa koleo.

Nilimpelekea kaka baada ya hitima. Akaishika, akaigeuza geuza.

"Hii ndiyo uliyoniambia umeipata?"

"Ndiyo, kaka."

Aliifuta masizi kwa kidole gumba. "Ungesema haipo," akasema mwishowe. "Tungekodi gari. Mimi ningeumia, lakini baba asingeshushwa njiani." Akanirudishia, akaenda kukunja mikeka.

Mama alibaki nyumbani siku ile, na sasa yumo edani. Jioni ya maziko aliuliza kama mzee alisafiri vizuri, kaka akamjibu, "Vizuri, mama." Ameuliza tena mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili amenitazama mimi, akakitazama na kiganja changu kilichofungwa kitambaa, na mara zote mbili nimejibu kama kaka.