Mwari wa Ghorofani

Mbwa sikumtaka. Hilo niliseme mapema, maana mtaani wanadhani nilimfuata mwenyewe. Mwanangu, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Kendwa, aliniletea kitoto cha mbwa ndani ya boksi la sabuni akaniomba nikae nacho wiki moja tu, mpaka apate mtu wa kumpa. Yeye akaenda zake Maskati kikazi, wiki ikazaa miezi, na mbwa yuko kwangu mpaka leo. Mwanangu alimpa jina la Kizungu ambalo halikai mdomoni mwangu. Mimi namwita "We", naye huitika kwa mkia.

Kufuga mbwa Mji Mkongwe si mchezo. Nyumba yetu ni ya zamani, mlango wa nje mmoja, ua mmoja, ngazi moja. Mimi nakaa juu; chini anakaa bibi mmoja aliyenizidi umri, mjane kama mimi. Mate ya mbwa yakikugusa huna budi uoshe mara saba, mojawapo kwa udongo, na mji huu una mawe kila upande lakini udongo hauna. Nilikuwa nikichota kwenye chungu changu cha asumini, kule juu ninapoanika nguo. Kidogo kidogo mizizi ikaanza kuonekana na maua yakapungua. Chumba cha kuswalia nilikifunga, We akabaki jikoni na kwenye ukumbi wa ngazini.

Watu walisema malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Ya malaika siyajui. Ninachojua ni kwamba watu walishaacha kuingia kwangu kabla mbwa hajaja. Mume wangu alipofariki nilikaa eda, na muda wote ule nyumba haikuwa tupu: huyu kaleta uji, huyu kaja kulala nami nisiogope. Nilipotoka eda nikajifukiza udi, nikavaa, nikakaa kusubiri wageni. Hakuja mtu. Nadhani kila mmoja alijua kuwa sasa naweza kutoka mwenyewe, na mimi sikujua nitoke niende kwa nani.

Basi asubuhi moja nikaona tone la damu kwenye sakafu ya jikoni. Nikadhani We kajikata na kigae, nikamkagua nyayo zote, nzima. Alikuwa akijilamba nyuma, pamevimba, na chakula hakitaki. Nikampigia simu daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na punda kuliko mbwa wa ghorofani. Akacheka.

"Mama, binti yako keshakuwa mkubwa. Yumo kwenye joto. Mfungie ndani wiki tatu hivi, madume wasimfikie."

Nilikaa palepale sakafuni nikacheka peke yangu, kisha nikataka kulia. Mimi mambo hayo yalishanikauka. Na mtoto wa kike sikujaaliwa. Sikupata kumweka mwari ndani wala kumtafutia somo wa kumfunda. Sasa nimepata mwari, ana miguu minne.

Nikamfanyia kama nilivyofanyiwa mimi. Nilichana kanga kuukuu nikamshonea vazi lenye tundu la mkia. Nikamtandikia gunia safi. Nikamfukizia udi asubuhi na jioni, nikiamini harufu yake itafichika. Udi haukuficha kitu, ulimpigisha chafya tu. Likaja dume moja la rangi ya vumbi, likaleta na wenzake, mpaka wa mtaa wa Malindi sijui walipashwa habari na nani. Wakajilaza kwenye baraza na mbele ya mlango, na msikiti uko palepale jirani. Watu wa alfajiri wakawa hawajui wapite wapi na nguo zao za swala.

Hapo ndipo mlango wangu ulipoanza kubishwa hodi. Alikuja mtu wa msikitini, akasema kwa adabu akiwa ameinamisha macho. Walikuja kina mama wa nyumba ya pili, hao bila adabu. Na bibi wa chini alikuja kila siku baada ya alasiri, kakusanya buibui lake mkononi, asimame ngazi chache chini ya ukumbi wangu, asipande zaidi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, lakini sikuja kwa shikamoo. Mwana we, huko chini mlango mzima umejaa wachumba! Sasa nsikilize. Nshasema na mwenye nyumba. Huyu akishika mimba humu ndani, ataondoka. Mbwa mmoja tumekustahia, ukoo mzima hatuwezi."

Nikasema nimesikia. Nilijua We hana pa kwenda ila jaani, au apewe sumu. Na mimi? Nikifungua mlango wangu, ni nani mwingine humu duniani atakayenyanyua kichwa? Niliogopa, sitaki kusema uongo.

Lakini bibi akishamaliza ugomvi wake hakuwa akiteremka. Alisimama palepale akaniuliza nimepika nini. Akanieleza magoti yake, na bei ya pweza, na mwanawe aliyeko Pemba asiyepiga simu. Nilimkaribisha kahawa, akakataa kwa sababu ya mbwa, akawa anainusa tu kwa mbali. Nikaanza kufagia ukumbi kabla ya alasiri na kuitia kahawa tangawizi zaidi, kwa ajili ya pua yake.

Kosa nililifanya mimi. Mwanamke wa hapa akiona damu imekata anajua la kufanya: anakoga, anatwaharika, anatoka. Damu ya We ilianza kupauka, ikawa kama maji yaliyooshewa nyama. Nikamkogesha kwa maji ya uvuguvugu, nikamvua kanga yake, nikamwambia, "Haya, umeshatoka ndani." Nikamfunga kamba tukateremka. Daktari sikumuuliza. Ningemuuliza nini, na mimi nimezaliwa mwanamke?

Kumbe kwa mbwa ni kinyume. Damu ikipauka ndiyo siku zenyewe za kushika mimba. Nilipofungua mlango, madume yaliinuka kwa pamoja. We, ambaye siku zote huyabwekea kutoka dirishani, akasimama kimya akaupeleka mkia upande. Nikavuta kamba, ikanichomoka. Nikapiga ukelele.

Bibi wa chini alikuwa anarudi na mkate wake. Dume la rangi ya vumbi lilikwishapandisha miguu ya mbele. Nilidhani bibi atajibanza ukutani alinde buibui, kama watu wote. Akautupa mkate, akamkamata We shingoni kwa mikono miwili akamburura ndani.

"Funga mlango! Funga, we mwana!"

Tuliusukuma ule mlango mzito kwa migongo mpaka komeo likaingia. We, kwa furaha au kwa wazimu, akamlamba bibi mpaka viwikoni. Bibi akaitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi.

"Udongo unao?"

"Uko juu, Bi."

Akapanda ngazi zote, na magoti yake yale. Nikachota udongo kwenye chungu cha asumini, nikaukoroga na maji, akasugua. Kisha nikawa nammiminia maji safi huku nimemshika kifundo cha mkono, mara ya pili, ya tatu, mpaka zikatimia saba. Nilikuwa sijamgusa mtu kwa muda mrefu sana, na nikamimina polepole kuliko ilivyohitajika.

Alipomaliza akakaa kwenye kigoda changu. "Ile kahawa unayoninusisha kila siku iko wapi?"

Akanywa vikombe viwili. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

Joto la We likaisha, madume yakatawanyika, baraza ikafagiliwa. Baadaye daktari alikuja akampapasa tumbo, akasema hamna kitu. Nikashukuru kwa sauti. Akanishauri tumfunge kizazi, maana hali ile itarudi baada ya miezi sita hivi. Nikamwambia nitamleta.

Alasiri ile nilifagia ukumbi, nikatia kahawa tangawizi. Hakubisha mtu. Kesho yake pia. Bibi nilimkuta uani akianika nguo.

"Mwari wako keshatulia?"

"Katulia, Bi. Karibu juu, kahawa ipo."

"Nshakunywa, mwanangu. Na haya magoti! Lakini mpeleke huyo akafungwe, tusiadhirike tena."

"Inshallah, Bi."

Nimeteremka zaidi ya mara moja nikamwamkie. Nimekuta mlango wake umerudishiwa, nikaona haya kubisha bila ya sababu.

Baada ya alasiri We hukaa kwenye ukumbi wa ngazini, masikio kayasimamisha, na mimi hukaa nyuma yake. Kwa daktari sijampeleka, na ile miezi sita naihesabu. Juzi niliagiza gunia la udongo mwekundu kutoka shamba, nikakijaza chungu cha asumini mpaka ukingoni.