Nyumba Iliyoitikia Hodi

Sikia, mimi si mtu wa stori za majini. Ukiniambia mtu kageuka paka, nitakuuliza paka mwenyewe yuko wapi. Lakini hili limenikuta mimi, mchana kweupe, jua la Dar linawaka, na homa sikuwa nayo.

Tumepanga Kibaha miaka mingi, watoto wanne, vyumba viwili. Wifi yangu Rehema, dada wa mume wangu, anakaa Kisarawe. Ndiye aliyeleta habari ya nyumba ya ghorofani mjini: vyumba vitatu, sebule pana, jiko lenye dirisha. Bei yake nusu ya wanayotaja majirani wa jengo lilelile. Nikashtuka. "Wifi, mbona rahisi hivi? Ina kasoro gani?"

"Mwenyewe anasafiri, ana haraka. Zubaa, wenzako wachukue."

Nilifungua mabomba, nikagonga kuta, nikanusa kona zote kutafuta unyevu. Safi. Basi tukauza kiwanja chetu cha Soga, mali pekee tuliyokuwa nayo, pesa zikapitia mkononi kwa wifi.

Siku ya kufanya usafi tulikwenda wawili. Rehema ni mtu wa hodi, hata banda la kuku anabisha. Siku ile kafungua mlango, kanipisha, kabaki koridoni anachezea simu.

"Pita tu," akasema. "Hamna mtu."

Mazoea yana tabu. Nikabisha, "Hodi!"

"Karibu, mwanangu," sauti ikaitika kutoka jikoni.

Niamini. Bibi mmoja kakaa kwenye kibao, ungo mapajani, anachagua mchele. Nikadhani jirani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, bila kuinua uso.

"Rehema mbona haingii? Tangu anunue hapa kalala usiku mmoja, akakimbia. Hata kuniaga!"

"Anunue? Rehema?"

"Kwani wewe kakuambia pa nani?"

Niligeuka kumwita wifi. Kurudisha macho, jiko tupu. Sakafu imejaa vumbi, na nyayo zilizomo ni zangu peke yangu. Ungefanya nini wewe? Mimi nilitoka mbio, ndoo nikaiacha hukohuko.

Rehema hakuniuliza nimeona nini. Hapo ndipo nilipoelewa.

"Ningemuuzia nani, wifi?" akasema, anaangalia kucha zake. "Mtu baki angenipeleka polisi."

Yaani ndugu ndiye wa kutupiwa! Nililia pale koridoni kama nimefiwa. Pesa zetu zilishageuka matofali na bati huko Kisarawe. Na mume wangu, unajua alisemaje? "Ni dada yangu, tuyamalize kifamilia." Wallahi, yule bibi hakuniumiza hata chembe. Yeye peke yake ndiye aliyeniambia ukweli.

Mpaka leo tumepanga Kibaha, na ile nyumba ina kufuli. Juzi mdogo wangu wa tumbo moja kanipigia simu: "Dada, hujui nyumba ya bei nafuu mjini?" Nikamjibu sijui. Lakini nilichelewa kujibu, na kule kuchelewa kunaninyima usingizi.

Kwa hiyo ndugu akikuletea nyumba ya bei ya kutupa, achana na mabomba. Mwambie atangulie yeye, na hodi abishe yeye. Usimwonee haya, hata nikiwa mimi.