Mchana wa Bi Verna

Bi Verna Teichroeb alifika ufukweni kwetu wiki ya pili ya Januari akiwa amevaa gauni la kijivu la mikono mirefu, soksi, na kofia ya majani aliyoinunua uwanja wa ndege. Upande wetu wa hoteli, ukishaipita miti mitatu ya mikungu, mtu anavua nguo akitaka, na asipotaka anabaki na nguo zake, hakuna wa kumuuliza. Lakini wengi hutaka, ndiyo maana wamekuja. Kwa hiyo lile gauni lilionekana kutoka mbali, kama mtu aliyekuwa akienda kanisani akapotea njia.

Mimi ndiye mtunza taulo wa pale. Kazi hiyo nimeifanya hapa Negril, Jamaika, miaka ishirini na miwili, nikiwa na sare yangu ya bluu na viatu vya turubai, na Jumamosi nakwenda Sabato kama kawaida. Zamani watu wa kanisani waliniuliza nawezaje kushinda kutwa katikati ya watu walio uchi. Siku hizi wameacha. Nao wengine wana watoto wanaofanya kazi jikoni mwa hoteli hii hii.

Mumewe, Bwana Lloyd, alivua papo hapo, kama mtu anayeacha mabuti mlangoni. Alikunja kila kitu vizuri, akakiweka chini ya kiti, akalala chali. Alikuwa pande la mtu, shingo na mikono nyekundu, na kwingine kote mweupe kama unga uliokandwa. Kwao Manitoba, Kanada, alikuwa dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani. Aliwahi kunieleza kwamba huko magari huchomekwa kwenye umeme yanapolala, kama simu, ili injini zisigande. Alinieleza akiwa na nazi mkononi na miguu mchangani, akacheka mwenyewe, kana kwamba alikuwa akisimulia habari za nchi aliyoiota.

Bi Verna alikaa kando yake, akaipa bahari mgongo, akatazama mchanga uliokuwa katikati ya viatu vyake.

Garnett, mwenzangu wa baa ya ufukweni, alinivuta pembeni. "Dada Icilda, yule Bi Gauni ataiva humo ndani. Mpelekee maji kabla hatujaitwa kumwopoa."

Nikampelekea. Aliyapokea kwa mikono miwili, akanishukuru, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, kama hawa watu wote hawaoni haya.

"Siku ya kwanza wanaona," nikamwambia. "Siku ya pili wanasahau. Siku ya tatu wanaanza kulalamika habari za magoti yao."

Hakucheka, ila mdomo ulisogea kidogo.

Kesho yake alikuja tena na gauni lilelile, au pacha wake. Mtu wa kukaa bure hakuwa. Mikono yake ilikuwa haijui pa kujiweka, na hatimaye aliondoka kwenye kiti akaja kwenye kibanda changu, akachukua taulo moja akaikunja, kisha ya pili, bila kuniomba ruhusa. Alikunja vizuri kuliko mimi. Nikamwachia nusu ya rundo. Tukawa hivyo kila asubuhi, yeye upande ule, mimi upande huu, na bahari katikati ya nguzo mbili za kibanda, bluu hafifu karibu na bluu nzito mbali, imetulia kiasi kwamba ungedhani ni kitu kilichotandikwa pale na kunyooshwa. Hapo ndipo maisha yake yalipotoka, kidogo kidogo, mengi akiyasema kwa zile taulo kuliko kwangu.

Alizaliwa kijiji cha Wamennonite, watu wa sala na mashamba, ambao wakati wa utoto wake wasichana walifunikwa kuanzia kidevuni hadi kwenye vifundo vya miguu, kiangazi na kipupwe. Walikuwa mabinti sita chumba kimoja. Walijifunza kuvaa na kuvua ndani ya nguo ya kulalia, mkono huu unatoka, huu unaingia, hata dada yako wa kitanda kimoja asikuone. Kuogelea alijifunzia kwenye bwawa la ng'ombe, na gauni mwilini. Akaolewa na Lloyd, kijana wa kijiji cha pili, mpole, mcheshi. Wakazaa watoto watatu. Watoto wakakua, wakatawanyika. Na muda wote huo, miaka thelathini na minne, taa ya chumbani ilizimwa kwanza.

"Si kwamba kuna mtu alinikataza," alisema. "Ilikuwa hivyo tu. Kama vile mtu asivyokula supu kwa uma."

Ndipo macho ya Bwana Lloyd yakaanza kufa. Ilikuwa presha ya macho, ile inayokula kutoka pembeni kuja katikati. Mwezi wa kumi wakamnyang'anya leseni, na theluji ya kwanza ilipoanguka akasimama dirishani akisikiliza mtu mwingine akiliendesha greda lake. Kufikia Krismasi alikuwa akiona kama anayechungulia kwenye bomba: uso wako, au mkono wako, au kikombe, si vyote pamoja. Daktari aliwaambia bomba lenyewe litazidi kuwa jembamba, na huenda ndani ya mwaka likaziba.

Siku moja wakiwa mezani wanakunywa kahawa, mumewe akamwambia, "Verna, nimekuwa na wewe miaka thelathini na minne, na sijawahi kukuona mchana."

Alimkasirikia siku tatu. Alifua mapazia yasiyokuwa machafu. Siku ya nne akampigia simu wakala wa safari, yeye mwenyewe, akauliza kuna mahali gani penye jua ambapo watu hawavai, na wakala, kijana wa kike, akauliza kama angependa bei iwe na chakula ndani yake. Kwenye kikundi cha kanisani cha kushona mablanketi aliaga kwamba wanakwenda Jamaika. Zaidi ya hapo hakusema.

"Basi mbona bado umevaa?" nikamuuliza.

Akaikunja taulo, akaikunjua, akaikunja upya. "Kununua tiketi ni kazi ya simu," akasema. "Hii si kazi ya simu."

Siku zikaenda. Pale kwetu siku haziendi kama kwingine. Watu wana zile bangili za plastiki mkononi, wanakula wanachotaka, wanakunywa wanachotaka, hakuna anayeuliza saa. Asubuhi walikula aki, tunda letu linalopikwa likafanana na mayai, na samaki wa chumvi, na shelisheli la kuchoma alilolipenda Bwana Lloyd mpaka mpishi akawa anamkatia kabla hajasema. Mchana upepo ulipita mikunguni na majani mapana yakaanguka moja moja, mekundu, juu ya watu waliolala. Mzee mmoja alilala na jani tumboni saa mbili nzima, na hakuna aliyemwamsha. Bwana Lloyd hakulala. Alikuwa akitazama. Aliigeuza shingo polepole kama anayesoma mstari: kipande cha maji, kipande cha wingu, ndege mwari akijirusha baharini na kuibuka. Akifika kwa mkewe alisimama muda mrefu zaidi, ingawa alichokiona ni kola ya gauni na uso uliowiva kwa joto. Hakumwomba neno. Mara moja tu nilimsikia akimwambia, kwa upole kabisa, kwamba hata wakirudi hivyo hivyo yeye ameridhika, ameiona bahari.

Ilikuwa siku ya sita, kama saa nne asubuhi. Bwana Lloyd aliingia majini peke yake, kama alivyozoea. Bahari ya Negril ni ya chini, unatembea mbali kabla maji hayajafika kifuani, na tulikuwa tumeshazoea kumwona kule, kichwa chake cheupe na mabega, anaelea. Lakini jua la asubuhi kwetu hutokea nyuma ya hoteli. Mtu aliye majini akigeuka kutazama nchi kavu linampiga usoni. Mtu mwenye macho mazima hufinya, akaona. Yeye akageuka, bomba likajaa mwanga mtupu, akageuka tena kuutafuta ufuko, akatafuta upande usio wake, akaanza kutembea, taratibu, kwa uhakika, kuelekea nje. Alikuwa akiiendea ile kamba yenye maboya, na ng'ambo ya kamba ndiko zinakopita boti za kuvuta watu wanaopaa angani kwa miavuli.

Bi Verna alikuwa kibandani na taulo mkononi. Alimwona kabla yangu. Aliita jina lake, na upepo wa nchi ukalichukua lakini haukulifikisha. Mwokoaji alikuwa mwisho kabisa wa ufuko. Garnett akaacha ndimu zake, akakimbia kumwita. Mimi sijui kuogelea, na sioni aibu kulisema.

Bi Verna hakungoja. Alitupa taulo, akakimbia na soksi zake mpaka majini. Maji yalipofika kiunoni gauni likajaa, likavimba kama hema, kisha likamzingira miguu, akaanguka, akasimama, akaanguka tena. Kule mbele Bwana Lloyd alikuwa ameshaigusa kamba kwa kifua na alikuwa akiinama apite chini yake, na boti nyekundu ilikuwa inageuka. Nikamwona Bi Verna akishika gauni kwa mikono yote miwili, akalipitisha kichwani, akaliachia. Kilichobaki akakivua pia, kwa sababu nacho kilikuwa kizito. Hakutazama nyuma. Akaogelea, mikono mirefu, kama mtu aliyeacha kuogelea jana tu na bwawa la ng'ombe liko hapo hapo.

Maneno waliyosema kule alinisimulia baadaye, na Bwana Lloyd akayathibitisha.

"Lloyd. Simama hapo hapo. Ni mimi."

"Uko wapi?"

"Kulia kwako. Geuza kichwa. Zaidi. Zaidi."

Boti ikapita ng'ambo ya kamba, ikawaachia mawimbi yaliyowainua kidogo na kuwashusha. Alipomshika mkono, mumewe akaufuata ule mkono kwa macho, kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, kutoka kwenye kiwiko hadi begani, akafika shingoni.

"Verna," akasema, "gauni lako liko wapi?"

"Limekwenda Meksiko."

Walirudi wakitembea, hawana haraka. Mwokoaji aliwakuta njiani akageuka nao kimya kimya. Maji yalikuwa yakiwashuka, kifuani, kiunoni, mapajani, na jua likiwapiga mbele waziwazi, na mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na taulo kubwa kuliko zote nimeifungua kwa mikono miwili, tayari kumfunika. Bi Verna alikuwa mweupe wa kushangaza, na tumbo la mwanamke aliyezaa, na nywele zimefumuka mgongoni. Alifika mbele yangu akaitazama ile taulo.

"Ngoja kwanza, Icilda," akasema. "Bado hajamaliza."

Akaketi mchangani, hapo hapo palipo na maji ya kufuta nyayo. Bwana Lloyd akaketi naye. Na mtu yule akamtazama mkewe kama alivyokuwa akiitazama bahari, kipande baada ya kipande, kuanzia nywele, bila kuruka. Ilichukua asubuhi yote iliyobaki. Hawakuongea sana. Watu walipita, hakuna aliyewaangalia mara mbili. Kwetu watu wawili waliokaa ukingoni bila nguo ni kitu cha kila siku. Garnett aliwapelekea maji ya nazi akayaweka mchangani, akarudi akipangusa uso kwa kitambaa cha kufutia glasi, akaniambia ni ndimu hizo, zimemwingia machoni.

Bwana Lloyd alipofika mgongoni akamwambia mkewe kuna alama chini ya bega la kushoto. Ya kahawia, ndogo kama punje ya kahawa, na nyingine ndogo zaidi pembeni yake. Bi Verna alikataa. Akasema ana umri wa miaka hamsini na minane na hana alama yoyote. Wakabishana, kisha akaniita mimi niwe shahidi, mimi ambaye miaka yote hiyo pale ufukweni nimejifunza kutazama nyuso tu. Nikainama, nikatazama.

"Ipo, Bi Verna. Zipo mbili."

Alijaribu kuifikia kwa vidole, na vidole havikufika. "Mama yangu aliniogesha," akasema mwishowe. "Lazima aliijua. Hakuniambia kamwe." Mumewe akaushika mkono wake, akaupeleka mpaka mahali penyewe, akaukandamiza hapo.

Siku nne zilizobaki hakuja kibandani kukunja taulo. Nilimkumbuka, nasema kweli, rundo lilikuwa kubwa. Walilala chini ya mkungu, wakaingia majini wameshikana mikono, wakatoka, wakalala tena, na rangi yake ikawa ya maziwa yenye chai kidogo. Akikatiza mbele ya baa, Garnett alimwita Bi Gauni kama kawaida, naye sasa alimrushia mchanga. Gauni lenyewe lililetwa na mwenye boti nyekundu, limejaa mwani. Nililifua, likakauka juu ya uzio wangu wa nyumbani. Alilivaa siku ya kuondoka na sweta juu yake, kwa sababu Winnipeg, walikokuwa wakitua, baridi ilikuwa nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Tuliagana kwenye basi la uwanja wa ndege. Alinishika mikono miwili mpaka dereva akapiga honi.

Barua ya Bi Verna ilinifikia mwezi wa kumi na mbili, nikiwa barazani nachambua mbaazi za Krismasi. Mwandiko mdogo, umenyooka. Ameandika kwamba macho ya Lloyd yalizimika mwanzoni mwa Novemba, asubuhi ya Jumanne, taratibu, bila maumivu. Majuma mawili aligoma kutoka kitandani. Kisha akasema amechoka kusikiliza greda, anataka kazi ya mikono. Anajifunza kuoka mkate. Anapima unga kwa kiganja, anasikiliza tanuri, anamfukuza mkewe jikoni. Mkate wa kwanza aliutia chumvi mara mbili. Waliula wote, na siagi.