Fundi wa Nsemulwa na miguu ya boti ya wagonjwa

Saa moja na nusu asubuhi, Rénovat Barutwanayo anafungua boksi la mbao kwenye karakana yake ya Nsemulwa, mjini Mpanda. Anatoa gia pana kama kisosi na kuiweka mezani. Meno matatu hayapo. La nne limepasuka kwenye shina.

"Hesabu mwenyewe," anamwambia mgeni, kisha anaendelea kufuta mikono kwa kitambaa chenye dizeli.

Gia hiyo ilitoka kwenye boti ya wagonjwa inayohudumia vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ikola. Barutwanayo, mwenye umri wa miaka 52, ndiye aliyeifunga boti hiyo injini. Mwaka huu wanakijiji walewale wamemrudishia boti ileile: achague miguu mingine miwili, safari hii isivunjike.

Boti ya aina hii haina mashine ya kuning'inia nyuma kama mitumbwi ya dagaa. Injini zake mbili zimekaa ndani. Kinachotoka nje ni mguu, kifaa kizito cha chuma kinachopokea mzunguko wa injini na kuushusha kwa gia hadi kwenye propela. Kila injini ina mguu wake.

Boti ina urefu wa mita tisa, ni ya faiba, na iliundwa kwa ajili ya mwendo kasi. Zamani ilikuwa mali ya kambi ya watalii. Kamati ya vijiji vinne iliipata ikiwa na injini za petroli zilizokufa, ikamwomba Barutwanayo afunge za dizeli, ambazo hunywa mafuta machache. Alifunga. Miguu ya zamani aliiacha palepale.

"Injini za petroli zilikuwa na nguvu za farasi 260 kila moja. Za dizeli, 220," anasema. "Nikajisemea, nguvu imepungua, miguu itapumua. Nilisoma namba moja tu."

Namba ambayo hakuisoma ni nguvu ya kusokota. Injini ya petroli hupata nguvu zake kwa kuzunguka haraka. Ya dizeli huzunguka taratibu, lakini kila mzunguko unasukuma kwa uzito mkubwa zaidi. Kinachovunja gia ni huo uzito. Dizeli zile zilikuwa zinausokota mguu karibu robo zaidi ya kiwango ulichotengenezewa.

Barutwanayo alizaliwa katika makazi ya Katumba, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, na sasa ni raia wa Tanzania. Ufundi aliuanzia kwenye mashine za kusaga mahindi mwaka 1994. Mpaka leo mashine hizo ndizo zinazomlisha. Kwa mwezi wa kawaida hupata kama shilingi laki nne. Boti amefunga sita tu maishani.

Miguu ile ilidumu miezi kumi na minne. Asubuhi ya Julai mwaka jana, boti ilimbeba Monika Nkwabi, mkulima mwenye miaka 29, akiwa kwenye uchungu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Upepo wa kusini ulikuwa umeinua mawimbi. Zilikuwa zimebaki kilomita 38 kufika kituo cha afya cha Karema wakati mguu wa kulia ulipolia mara moja na propela ikasimama.

Mguu mmoja hauwezi kuinua boti hiyo juu ya maji. Ilitambaa. Mwendo wa dakika arobaini ukachukua saa tano. Mtoto alizaliwa amekufa.

Hakuna mganga aliyeandika kwamba kuchelewa ndiko kulikomuua. Barutwanayo hulitaja jambo hilo yeye mwenyewe, na kuongeza kwamba hakuna aliyeandika kinyume chake.

Kijijini lawama zilimwangukia nahodha, Leodgar Kasonso, aliyesifika kwa mwendo mkali. Alinyang'anywa funguo siku hiyohiyo. Mguu uliovunjika ukapakiwa kwenye lori hadi Mpanda, zaidi ya kilomita mia moja, na fundi akaufungua peke yake.

Ndani alikuta makosa mawili. La kwanza ni gia iliyosagwa na uzito, na hilo lilikuwa lake. La pili lilikuwa kwenye krosi, kiungo kinachouruhusu mguu kupinda unapoinuliwa. Krosi ilikuwa imeungua na kulika upande mmoja. Ilikuwa imezungushwa kwa nguvu mara nyingi huku mguu ukiwa umeinuliwa.

Hilo linatokana na namna watu wa mwambao wanavyofika nchi kavu. Vijiji vingi havina gati. Nahodha wa mashine ya nje huja kasi, akikaribia mchanga anainua mashine huku propela bado inakata maji, na mtumbwi unapanda ufukweni kwa kishindo. Mashine ya nje haidhuriki, kwa sababu inainuka nzima, injini na propela pamoja. Kwenye boti hii injini inabaki chini na mguu pekee unapanda. Krosi inapinda, na bado inalazimishwa kuzunguka.

Kasonso, mwenye miaka 44, alikuwa akifanya hivyo mara tatu au nne kwa siku.

"Nimezaliwa hapahapa. Ukiingia kimya, wanasema huyu hajui kazi," anasema. "Wanawake wanaoosha vyombo wanakuzomea. Sikuwa najua kwamba pale ninapopigiwa vigelegele ndipo ninapovunja."

Barutwanayo angeweza kuieleza kamati habari ya krosi peke yake. Nahodha alikuwa ameshahukumiwa. Badala yake alisafiri hadi Ikola na mifuko miwili, kwenye mmoja gia, kwenye mwingine krosi.

"Aliweka gia mezani akasema, hii ni yangu," anakumbuka Evaline Katabi, mwenyekiti wa kamati. "Halafu akaweka krosi, akasema, hii ni ya Leodgar, lakini mimi ndiye nilimkabidhi boti bila kumfundisha. Mimi nilikasirika. Nilitaka mtu mmoja wa kumlaumu, akaniletea wawili."

Mke wa fundi, Ernestine, anasema mumewe alibadilika baada ya safari ile ya Julai. "Baba Emelyne alikuwa mtu wa kutania mezani. Sasa anakula anaangalia sahani. Nikimuuliza, ananiambia anafikiria kazi."

Boti ilikaa juu ya magogo mwaka mzima. Wagonjwa walirudi kwenye mitumbwi ya mbao, safari ya saa sita wakati ziwa limetulia.

Mwezi Juni kamati ilikaa kuamua. Mezani palikuwa na miguu ya aina mbili. Ya kwanza ilifanana na ile ya zamani, mipya, imara kidogo zaidi lakini myepesi, shilingi milioni 19 kwa jozi. Boti ingekimbia kilomita 74 kwa saa. Ya pili ilikuwa mizito, yenye gia nene, milioni 31, na mwendo ungeshuka hadi kilomita 58.

"Fundi, sisi tunataka kufika haraka," Katabi alimwambia mbele ya wajumbe. "Wewe unatuletea miguu ya trekta."

"Mama mwenyekiti, trekta mnalolijua nyie limewahi kulala njiani?"

"Limelala sana!"

Wajumbe walicheka. Barutwanayo hakucheka. Aliwaonyesha jedwali la mtengenezaji. Miguu myepesi ingeweza kubeba nguvu ya dizeli zile, lakini kwa boti ya starehe inayotembea saa chache kwa mwezi. Kwa boti ya kazi, jedwali lenyewe linataka kiwango kipunguzwe. Halikutaja mawimbi ya Julai, ambapo propela hutoka majini, injini ikazunguka kwa kasi ya ghafla, kisha mguu ukapokea pigo lote propela inaporudi.

Kisha akafanya hesabu moja ubaoni. Kwa safari ya kilomita 60, miguu myepesi ingewahi kwa dakika kumi na tatu.

"Nikawauliza, dakika kumi na tatu mnazitaka kwa bei gani," anasema.

Walichagua mizito. Fedha zilitokana na michango ya vijiji na tozo ya dagaa waliyojiwekea wavuvi wenyewe. Ufundi Barutwanayo hakutoza. Kwa sharti lake, Kasonso alirudishiwa funguo.

"Sikutaka nahodha mwingine," anasema. "Huyu ameshajua krosi inavunjikaje."

Ameweka swichi inayozuia mguu kuinuka wakati propela inazunguka. Anakiri kwamba mtu mwenye bisibisi anaweza kuiondoa kwa dakika mbili. Kilichobaki ni mkono wa nahodha.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwezi uliopita. Fundi alikataa boti iende tupu. Alipakia magunia kumi ya mahindi na watu wanane, akakaa nyuma kabisa, kiganja kikiwa juu ya kifuniko cha injini. Waliporudi, Kasonso alizima injini zote mbili mita arobaini kutoka ufukweni. Akainua miguu na kushika upondo, mti mrefu wa kusukumia boti.

"Kepteni, mafuta yamekwisha?" sauti ikatoka kwenye mchanga.

"Shuka usukume, mzee wa kasi!"

"Chekeni," Kasonso aliwajibu bila kuacha kusukuma. "Mguu mmoja huu unanunua nyumba zenu tatu na choo juu."

Boti iligusa mchanga polepole, bila kishindo. Miongoni mwa waliosimama pale alikuwa Monika Nkwabi. Hakucheka na wengine. Alisubiri fundi ashuke.

"Mimi sijui mambo ya vyuma," anasema Monika. "Nilimuuliza kitu kimoja tu. Itafika?"

Barutwanayo hakumjibu siku hiyo. Ameiomba kamati isipakie mgonjwa hata mmoja mpaka boti itembee saa hamsini ikiwa na mzigo kamili. Mpaka gazeti hili linakwenda mitamboni, imetembea saa kumi na tisa. Zikitimia, ataifungua miguu yote miwili ufukweni, mbele ya watu, na kukagua gia jino kwa jino.

"Nikikuta meno mazima, nitakwenda nyumbani kwa Monika nimwambie," anasema. "Nikikuta jino moja limechubuka, nitakwenda vilevile."