Mkao Niliomficha Daktari

Mgongo wangu una umeme, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Chini ya ngozi, juu kidogo ya kalio, nimepandikizwa kifaa kidogo chenye nyaya nyembamba zinazofika kwenye uti wa mgongo. Kazi yake ni kutekenya neva, na mtekenyo huo unafunika maumivu yaliyonitesa kwa miaka. Tena kina kihisi kinachojua nimekaaje: nikisimama kinaongeza nguvu, nikilala kinapunguza, bila kuniuliza.

Hapa kijijini Susuni majirani walinitania kwamba nisisogelee redio zao nitaziharibu. Sikujali. Mimi nililitaka shamba langu la ulezi. Misimu miwili lilipaliliwa na mke wa mwanangu huku nimekaa kivulini namwelekeza, na nilichukia kukaa pale. Niliapa kwamba msimu huu nitapalilia mwenyewe.

Kabla sijaruhusiwa kutoka hospitali kule Mwanza, daktari alikifundisha kifaa mikao yangu.

"Lala chali, mama. Lala kwa ubavu. Kaa. Simama. Sasa tembea." Kila mkao alibonyeza kwenye kompyuta yake. "Kuna mkao mwingine unaofanyia kazi?"

"Hakuna," nikasema.

Nilidanganya mchana kweupe. Kupalilia ni kuinama, miguu imenyooka, mgongo bapa, makalio juu. Daktari alikuwa Mkurya mwenzangu, umri wa mkwe wangu kabisa, na kwetu mama hainami mbele ya mkwe. Niiname hivyo mbele yake? Afadhali uongo.

Mvua zikaja, ulezi ukaota na magugu yake. Nikashika kijembe nikainama. Sikumaliza hata kipande kidogo, mtekenyo ukafifia na maumivu yakarudi yote. Kihisi kilikuta mgongo umelala, kikaamini na mimi nimelala! Nilikaa chini kwenye udongo nikalia kwa hasira. Mke wa mwanangu akanitoa kijembe mkononi taratibu, akaendelea nilipoachia. Hilo liliniuma kuliko mgongo.

Wiki iliyofuata nilipanda basi Tarime, kijembe nimekifunga kwenye kanga.

"Mama, unaenda kulima Mwanza?" kondakta akauliza.

"Ndiyo," nikamjibu, "tena hospitalini."

Nilipomweleza daktari ukweli, alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaelewa, maana naye ana mama mkwe. Akageuza kiti akatazama ukuta, kompyuta mapajani. Nesi, dada kutoka Mbeya asiyezijua aibu zetu, akasimama katikati yetu kama refa.

"Ameinama, daktari."

"Anasikia mtekenyo?"

"Anasema bado. Ongeza. Ongeza tena. Hapo hapo!"

Nikapalilia vigae vya hospitali, huku na huku, hadi kifaa kikakubali kwamba mwanamke aliyeinama hajalala. Nesi alinipigia makofi. Daktari alitazama ukuta wake mpaka nilipomwambia nimesimama.

Juzi nilikuwa shambani tangu asubuhi. Mke wa mwanangu alikuja na uji, akauweka chini, akanyoosha mkono kama alivyozoea.

"Mama, lete kijembe nikupokee."

Mgongo ulikuwa unanitekenya vizuri. Sikuinuka hata kumtazama.

"Nenda kachukue chako," nikamwambia.