Fomu ya Usalama na Baba Zangu Wanne

Leo nasimulia nikicheka, lakini kuna majira mazima nilikuwa nikiingia kanisani kwetu Etterbeek, hapa Brussels, kwa mlango wa nyuma, kwa aibu niliyojitafutia mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, sina diploma yoyote (kompyuta nilijifundisha chumbani, kwa mashine mbovu za watu), na kampuni moja ya Evere ilikubali kunipa kazi ya kulinda mitambo yake ya kompyuta, mradi nipate habilitation, yaani kibali cha usalama cha serikali. Bila kibali, hakuna mkataba. Fomu ilitaka uraia wangu wote, wazazi wangu, na ndugu walio nje ya Ulaya. Mimi husoma hata ujumbe wa "asante" mara tatu kabla ya kuutuma, kwa hiyo niliogopa kwamba nikisahau mmoja nitaonekana mwongo. Nikaandika Mbelgiji, nikaongeza Mkongomani (pasipoti ya utotoni ilikuwa bado kwenye sanduku la maman), halafu penye "baba" nikaandika papa, papa mukubwa na papa mudogo wawili, maana kwetu Lubumbashi ndugu ya papa ni papa, na watoto wao wote nikawaandika kaka na dada.

Zikabaki tarehe za kuzaliwa. Badala ya kupiga simu nikaandika kwenye grupu ya familia: "Serikali ya Ubelgiji inaomba majina na tarehe za kuzaliwa za ndugu zangu wote. Tafadhali, haraka."

Mungu wangu! Kufika mchana picha za pasipoti zilikuwa zinamiminika, hata za watu nisiowajua, na papa mudogo Dieudonné akatuma sauti: "Mutoto wangu, Mungu akubariki! Nilisha kuuzisha frigo, ile friji yetu, juu ya safari. Donc, visa inatoka siku gani?"

Jumapili, kabla sijapata ujasiri wa kujibu, Maman Béa, kiongozi wa kwaya, ambaye habari ilikuwa imemfikia kutoka Lubumbashi, alishika mikrofoni: "Bandugu, mushangilie! Mutoto wetu analeta famille muzima ku Bruxelles!" Watu wakacheza, mimi nikasukumwa mbele, na kwa hofu nikasema kitu kibaya kuliko kunyamaza: "Hapana visa! Ni watu wa usalama, wanachunguza familia!"

Ngoma ikakatika. Mzee mmoja tunayemwita tonton akavaa kofia akatoka.

"Weye! Umetuuzisha kwa sûreté, kwa batu ya usalama?" Maman Béa akauliza, mikrofoni ikiwa bado wazi.

Niliitwa kuhojiwa kuhusu kibali nikiwa sijalala vizuri wiki mbili. Afisa, mama wa makamo mwenye miwani, alifungua faili langu. "Mademoiselle, una baba wanne. Na huyu dada yako alizaliwa miezi miwili baada yako?"

Nikamchorea ukoo mzima kwenye karatasi. Akasikiliza, kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa: mmoja wa hawa akibanwa huko, akakuomba siri za kazi, utafanyaje?

Niliacha jibu zuri nililoandaa. Nikasema tu ukweli: "Madame, nawapenda, lakini sitawapa. Niliwauliza tarehe za kuzaliwa tu, kanisa zima likatangaziwa visa."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Watu hunificha shangazi mmoja," akasema. "Wewe umeniletea ukoo." Akanitaka niwahamishe baba watatu kwenye mstari wa "oncles", yaani ndugu za baba, nikawahamisha.

Kibali kilitoka, na uraia wangu wa nchi zote mbili ukiwa umeandikwa waziwazi. Nilipiga kelele ngazini hadi jirani akafungua mlango, nikamkumbatia na yeye. Papa mudogo Dieudonné pekee alinuna nilipomwambia ameondolewa kwenye mstari wa baba: "Yaani unanitosha ubaba juu ya kazi?"

"Ku karatasi tu, papa."

Mkataba nilisaini. Lakini grupu ile nimeapa sitaiuliza tena hata ni saa ngapi.