Kandambili za Baba

Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, Magara, kando ya ziwa, nikiwa mtoto. Jana, miaka mingi baadaye, niliona tena, kwenye simu ya mdogo wangu, ile katuni ya utotoni ya viumbe wenye manyoya wanaookota takataka, na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo aliovua baba, ikanirudia.

Ijumaa ile mtumbwi ulikuwa umerudi bila baba. Kandambili zake zilikuwa bado mchangani, pale alipoziacha. Nyumbani watu walilia.

"Mama, kesho iko usafi wa Jumamosi. Wale wa katuni watazibeba!"

"Ziache, mutoto wangu. Mwenyewe harudi."

Mimi nilijua wanabeba tu vitu visivyo na mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilizivaa, kubwa hivyo, nikasimama palepale. Walikuja majirani tu na mifagio, wakafagia wakinizunguka, na hakuna aliyeniambia nitoke.